Kinu Hakiingii Hosteli

Mama mwenzangu unayepeleka mtoto chuo mwaka huu, kaa chini kwanza. Soma haya mpaka mwisho, ndipo ubebe kikapu uende sokoni. Mimi nimeishia darasa la saba, sina la kukufundisha kuhusu vitabu. Lakini kuhusu namna ya kumharibia mtoto siku yake ya kwanza chuoni, nadhani kwa Mwanza hii hakuna anayenizidi.

Naitwa Bernadeta. Naishi Nyakato, nyuma ya viwanda. Mume wangu Yeremia anafanya kazi katika kimojawapo, na mimi nawapikia wafanyakazi chakula cha mchana karibu na geti. Mtoto wetu wa kwanza ni Rebeka. Mwaka jana, mwezi wa kumi, alipata nafasi ya kusomea maabara za hospitali. Na chuo chenyewe kiko hapa hapa Mwanza, upande wa pili wa mji, kwenye mwinuko unaotazama ziwa.

Barua ya chuo ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo Rebeka alinisomea. Sehemu ya kwanza alinisomea mara tatu, maana ndiyo iliyokuwa na moto. Ilisema amepewa kitanda hosteli, na kitanda hicho kitamngoja mpaka Jumatatu saa nne kamili asubuhi. Aje na fomu yake halisi, yenye picha na muhuri. Saa nne ikipita hajaonekana, au ameonekana hana fomu, kitanda anapewa mwingine aliye kwenye orodha ya wanaosubiri.

"Mama, umeelewa?" Rebeka akaniuliza. "Nikikosa hosteli nitakuwa natoka hapa saa kumi na moja alfajiri kila siku. Kipindi cha kwanza ni saa moja."

"Au utapanga chumba mtaani," nikasema. Habari za vyumba vya wanafunzi mtaani nilikuwa nazo nyingi, zote za kusikia.

"Kwa hiyo kitanda kile ndicho maisha yangu, mama."

"Kitanda utakipata."

Sehemu ya pili ya barua ilihusu vitu vya kwenda navyo. Hiyo alinisomea mara moja, na sikuisikia, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshafika dukani.

Tukaenda mjini, mitaa ya Mirongo. Mzee Chenge muuza magodoro alituona tangu tunavuka barabara, akapangusa benchi kwa kitambaa.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Karibuni, karibuni sana. Harusi lini?"

"Harusi gani?"

"Mama, binti na godoro! Miaka ishirini nipo hapa, mimi huwa sikosei."

"Anaenda chuo."

"Ahaa, hongera! Basi chukua hili la futi mbili na nusu kwa sita. Vitanda vya vyuo ni vyembamba, mtoto analala kama amepangwa."

Nikamtazama yule mzee. Nikajiambia, huyu ana godoro limemkalia stoo, anatafuta mjinga. "Nipe la nne kwa sita," nikasema.

"Mama," Rebeka akaninong'oneza, "barua imesema mbili na nusu."

"Barua imeandikwa na watu wasiojua unavyogaragara."

Mzee Chenge akacheka mpaka akakohoa. Akatufungia la nne kwa sita. Tukaongeza tranka la bati, makufuli matatu, ndoo mbili, vyandarua viwili na blanketi zito, kama vile kule ng'ambo ya mji kuna baridi ya peke yake. Tuliporudi nyumbani Yeremia alizunguka ile mizigo mara moja, akaketi kufungua viatu.

"Bernadeta, chuo kiko Mwanza. Humpeleki Urusi."

Ningeishia hapo ningekuwa mama wa kawaida tu aliyezidisha. Lakini mimi nina kikundi.

Kikundi chetu cha akina mama wa mtaa tuna kazi moja kubwa, nayo ni kuwaandaa mabinti wanaoolewa. Tunaimba, tunacheza, tunatoa vyombo. Na kikundi kina sheria, na sheria moja niliitunga mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Miaka mitatu nyuma nilimpa binti wa jirani sufuria kubwa la kupikia wali wa watu wengi, nikalicheza mbele za watu, nikatokwa jasho. Baada ya wiki mbili nikalikuta nyumbani kwa mama yake, linachemshia pumba za nguruwe. Binti alikuwa ameliacha. Nilisimama kikaoni siku hiyo nikaongea kama mbunge. Nikataka iandikwe kwamba zawadi iliyotolewa mbele za watu inasafiri na mwenyewe, na mtu wa kikundi anaisindikiza mpaka aione imefika. Wakapiga makofi. Ikapita.

Sasa Rebeka alinisihi. "Mama, nakuomba, usitangaze kikundini. Mimi siolewi."

Nikamwambia sitatangaza. Nikashinda siku mbili nzima. Siku ya tatu tulikuwa tumekaa tunachambua mchele kwa mwenyekiti wetu, Paskazia, na mtu akasimulia habari za mwanawe aliyepata kazi kwenye duka la simu. Nikajisikia nasema, "Wangu anaenda chuo Jumatatu. Maabara." Kwisha habari.

Jumamosi mchana uwanja wetu ulijaa. Akina mama wale wanajua kuandaa bibi harusi tu, hawajawahi kuandaa kitu kingine, basi wakamwandaa Rebeka vivyo hivyo. Zikaja sufuria za ukubwa tano tofauti, hotpoti, chupa za chai, ungo, mkeka, jiko la mkaa. Paskazia akaleta mito minne ya sufi, imevikwa foronya nyeupe zinazofanana. Na Malimi, mama wa makamo anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, akaingia anacheza na kinu kichwani. Kinu cha mti, na mchi wake. Alikuwa amekileta kutoka kwao Magu.

"Mwanangu," akamwambia Rebeka, "usomi bila kisamvu si usomi."

Vigelegele. Rebeka alikuwa amekaa kwenye kiti kilichopambwa, anatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mimi nilicheza. Nikikumbuka nilivyocheza naomba Mungu asahau.

Jumapili alasiri nikabaki na hofu mpya, na hiyo ilikuwa ya ile fomu. Ilikuwa karatasi moja tu. Nilianza kwa kuifungia kwenye tranka, nikawaza kufuli linavunjika. Nikaihamishia kwenye pochi yangu, nikawaza vibaka wa mjini. Kwetu Nansio nilikokulia, kitu cha thamani kilishonewa ndani ya mto wa kulalia, maana mwizi habebi mto. Basi nikachukua mto mmoja wa Paskazia, nikafumua mshono, nikaiviringisha fomu kwenye mfuko wa plastiki, nikaizamisha katikati ya sufi na kushona tena. Nikauweka mto ule juu ya mingine mitatu. Nitaukumbuka, nikasema. Ni ule wa juu.

Jioni Rebeka akanijia. "Mama, naomba fomu yangu nikae nayo."

"Fomu iko salama kuliko wewe."

"Iko wapi?"

"Ukijua utamwambia mtu."

Yeremia alikuwa anakula. Hakuinua kichwa. "Mpe mtoto karatasi yake mkononi," akasema.

Sikumpa. Niandike tena ili uone vizuri: baba yake alisema nimpe mkononi, mwenyewe aliiomba, na mimi nikakataa.

Jumatatu saa moja kirikuu ya kukodi, kile kigari kidogo cha mizigo, ikafika, na dereva wake Masele, mwanaume mnene mwenye mgongo unaomsumbua. Alipoona mzigo akazima gari.

"Mama, uliniambia mwanafunzi."

"Ndiyo huyu."

"Mimi naona familia."

Kupakia kulichukua saa nzima na zaidi. Godoro lilikataa kulala, likafungwa kamba limesimama kama ukuta. Kinu tulikipandisha mwisho, na Paskazia, ambaye ndiye aliyechaguliwa kusindikiza, akakaa nyuma akikishikilia kwa mkono mmoja kama mtoto. Malimi na wengine wakatuimbia tena wimbo wa kuaga, beti zote. Rebeka alikuwa anatazama saa kwenye simu.

"Mama, saa mbili na nusu."

"Wanakuimbia wewe. Vumilia."

Njiani godoro lilishika upepo mara mbili tukasimama kulifunga upya. Tulipofika geti la chuo ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na tano. Askari wa geti akainua mkono.

"Gari la mizigo haliingii. Shusheni hapa, muone matroni kwanza."

Masele akashusha vitu vyote pembeni ya geti, akaenda kugeuza gari huko chini barabarani. Matroni alikuwa amekaa chini ya turubai na meza yake, mama mfupi mwenye miwani na saa kubwa ya mkononi ya kiume. Mbele yake mstari wa wanafunzi, kila mmoja na begi moja na ndoo, kigodoro chembamba kimeviringishwa pembeni. Begi moja na ndoo! Nikawahurumia. Nikafikiri ni yatima.

Zamu yetu ilipofika matroni akavua miwani.

"Hamjambo. Mnahamia?"

"Hatujambo, mama. Huyu ni mwanafunzi, Rebeka."

"Wanafunzi wangapi?"

"Mmoja."

Akasimama kabisa, akauzunguka mzigo wetu. Akagusa jiko la mkaa kwa ncha ya kiatu. Akafika kwenye kinu.

"Hiki?"

"Ni kinu," Paskazia akamjibu, kwa upole kama anamfundisha.

"Nakiona. Kinu hakiingii hosteli. Jiko haliingii. Sufuria haziingii, hapa hakupikwi. Godoro hilo mtaliweka juu ya vitanda viwili? Barua ilieleza. Begi moja, ndoo, godoro la mbili na nusu, mashuka. Vingine rudini navyo."

"Haturudi navyo," Paskazia akasema. "Zawadi ya kikundi inasafiri na mwenyewe. Ni sheria. Na mwenye sheria ni huyu hapa." Akaninyooshea kidole.

Watu wote kwenye mstari wakanitazama. Mtu mwenye akili angesema basi, tumekosea, fomu hii hapa. Mimi nikaanza kutetea kinu.

"Mama matroni, hata ukikiweka nyuma ya mlango. Kinaweza kuwa stuli. Kikipinduliwa ni meza."

"Mama."

"Hakina kelele kama hakitwangwi."

Wanafunzi wakaanza kucheka. Mmoja akatoa simu. Nadhani nipo kwenye simu nyingi za Mwanza mpaka leo.

"Mama!" Sasa alikuwa Rebeka, na amenishika mkono kwa nguvu. "Saa nne kasoro kumi na mbili. Achana na kinu. Nipe fomu."

Hapo nikaamka. Nikaenda kwenye mzigo nikatafuta mto wa juu. Hakuna mto wa juu. Asubuhi mito ilikuwa imesukumwa kila upande kuziba nafasi kati ya sufuria. Mmoja ulikuwa chini ya ungo, mwingine ndani ya ndoo, wa tatu Paskazia alikuwa ameukalia njia nzima.

"Iko ndani ya mto," nikamwambia Rebeka.

Hakuelewa. "Ndani ya nini?"

"Nimeishonea. Lete wembe, lete kisu, lete chochote."

Nikararua wa kwanza kwa meno. Mama mwenzangu, unaijua sufi? Ni nyepesi kuliko moshi. Na upepo wa ziwa asubuhi hauombi ruhusa. Sufi ikapanda, ikamwagika juu ya mstari, juu ya meza, juu ya fomu za watoto wa wenzangu. Matroni akawa na ndevu nyeupe. Mto wa kwanza haukuwa na kitu. Nikararua wa pili huku Rebeka amepiga magoti anachambua sufi kwa vidole kama anatafuta hela ya mtu iliyodondoka kwenye majani. Hakuna. Wa tatu nao hakuna.

"Mto wa nne uko wapi?" Rebeka akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Tukapindua kila kitu. Paskazia akaingiza kichwa kwenye tranka. Hatukuuona. Saa nne kasoro nne.

"Mama, naomba," Rebeka akamkimbilia matroni na simu yake. "Fomu nimeipiga picha. Hii hapa, jina, muhuri, vyote vinaonekana."

Matroni akaitazama picha, na kusema kweli macho yake yalikuwa na huruma. "Muhuri naugusa kwa kidole, mwanangu. Wiki iliyopita nimeletewa picha tatu za uongo. Nitangoja mpaka saa nne. Zaidi ya hapo nitamwonea mwenzako."

Paskazia ndiye aliyekumbuka. "Masele!" akapiga kelele. "Masele alikuwa amekalia kitu cheupe!"

Nikakimbia. Mimi na umbo langu hili, nateremka ule mwinuko, kandambili moja ikabaki njiani. Gari la Masele halikuwa pale alipolipaki. Alikuwa ameshuka mpaka kwenye genge la chini kunywa chai. Nilimkuta ameegemea usukani na andazi mkononi, na mto wa nne umelala chini ya makalio yake.

"Mama, niliuazima tu," akaanza. "Kiti changu kina spring imetoka—"

Sikumngoja amalize. Nikauchomoa, nikapanda mwinuko nimeukumbatia. Fomu ilikuwamo. Niliisikia ikikwaruza ndani ya plastiki kila nilipokanyaga. Nilipofika getini ilikuwa saa nne na dakika saba.

Matroni alikuwa ameshasoma jina la Rebeka kwa sauti mara mbili. Rebeka alikuwa ameitika mara mbili, "Nipo," na mara mbili ameulizwa fomu akanyamaza. Kisha matroni akasoma jina lililofuata kwenye orodha ya wanaosubiri, "Adongo," na msichana mmoja mrefu, mwembamba, akatoka kwenye kivuli cha ukuta, begi moja begani, kigodoro kwapani na fomu yake mkononi. Alikuwa anaweka sahihi nilipofika.

Nikaupasua ule mto mezani. "Hii hapa! Hii hapa, ina muhuri, iguse!"

Matroni akaigusa. "Ni halali kabisa," akasema taratibu. "Lakini kitanda kimeshapata mtu."

Nilimgeukia yule Adongo nikamwita mwizi. Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika kwa sababu wanangu wadogo wanajua kusoma. Yule binti akangoja nimalize. Halafu akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama. Nimekuja kutoka Rorya. Niko hapa getini tangu Jumamosi, nalala kwa askari, kwa mke wake. Nilikuwa naomba Mungu mtu mmoja achelewe. Sikujua atakuwa nani."

Ungejibu nini? Mimi niliitikia "marahaba" nikakaa juu ya kinu.

Rebeka hakulia wala hakunigombeza. Alikuwa anatoa sufi kwenye nywele zake, kipande kimoja kimoja. "Mama," akasema, "ungeniachia tu mkononi." Basi. Hajawahi kuyarudia maneno yale tangu siku hiyo, na ningemlipa ayarudie kwa kelele ili yaishe.

Ni Adongo aliyetangulia kusema. "Dada, kile kitanda ni kidogo, lakini na mimi sina mwili. Tubebane mpaka upate chako."

"Kubebana ni nini?" nikauliza.

"Wawili kitanda kimoja, mama. Mmoja kichwa huku, mwingine kule."

Nikamtazama matroni. Matroni alikuwa amevaa miwani yake na analitazama ziwa kama aliyeliona leo kwa mara ya kwanza. "Sheria inasema kitanda kimoja mtu mmoja," akasema. "Lakini hakuna sheria inayonilazimisha kuzunguka vyumbani na tochi. Huyo akajiandikishe masomo yake upande ule. Nafasi ya kitanda ikitokea aje kuuliza mwenyewe." Akasisitiza. "Mwenyewe."

Rebeka akainama kwenye ule mlima wetu. Akatoa nguo zake kwenye tranka, akazifunga kwenye khanga. Akachukua blanketi, ndoo moja, sabuni, daftari na mswaki. Akasimama.

"Na hotpoti moja?" nikamuuliza. "Ndogo?"

Akakaza fundo la khanga. Adongo akamshikia ndoo upande mmoja, wakaingia getini wawili, na mwanangu hakugeuka nyuma. Nilitaka ageuke. Ningekuwa yeye nisingegeuka pia.

Tukapakia upya. Masele alitupia vitu bila kusema neno, mpaka alipofika kwenye godoro. "Hili nalo linarudi? Na lilivyotutesa!"

"Endesha gari," Paskazia akamwambia.

Kikao cha kikundi kilikaa Jumatano, na ajenda nilikuwa mimi. Zawadi zilikuwa zimesafiri na hazikufika. Sheria ilivunjwa, na aliyeivunja ndiye aliyeitunga. Niliomba wanipige faini wakakataa, wakasema hiyo ni rahisi. Wakaamua nirudishe kila zawadi kwa mikono yangu, nyumba kwa nyumba, mchana, kwa miguu, na nikifika nieleze mwenyewe kilichotokea. Nimesimulia habari ya mito ile mara kumi na moja kwa siku mbili, na kwa kila nyumba waliwaita na majirani.

Kinu nilikiweka mwisho. Malimi alikuwa amekaa mlangoni ananisubiri, amejiandaa na kiti.

"Kimefika chuo?" akaniuliza.

"Kimefika getini."

"Wamekifanyia mtihani?"

"Kimefeli, Malimi. Shika kinu chako."

"Aa, weka hapo chini pole pole, ni msomi huyo." Alicheka mpaka akalala ubavu. Kisha, na hili alilisema akiwa ameacha kucheka, akaniuliza mtoto analala wapi. Nikamwambia. Akaingia ndani akanitolea maji ya kunywa, akakaa pamoja nami mpaka nilipoondoka.

Ile sheria yangu ilifutwa siku hiyo hiyo ya kikao. Hakuna aliyepiga makofi.

Godoro la nne kwa sita tunalilalia mimi na Yeremia. Usiku wa kwanza alijinyoosha akasema, "Chuo kizuri hiki." Nikampiga kibao cha bega.

Wiki zile nilimpigia Rebeka kila siku asubuhi na jioni. Analala upande gani? Ukutani. Adongo hapigi teke? Anapiga, mama, na mimi napiga. Shingo inauma? Kidogo. Kila nilipokata simu nilikuwa naiona ile shingo. Nikamwambia Yeremia nitaenda kuongea na matroni, nimwombe, nipige magoti ikibidi. Nikavaa kabisa. Yeremia akasimama mlangoni na viatu vyake vya kazini. "Yule mama alisema mwenyewe," akasema. "Wewe siyo mwenyewe." Nikavua.

Wiki ya sita, Jumapili, natoka kanisani, simu ikalia.

"Mama, nimepata kitanda. Kuna msichana amehama, ameniachia na godoro lake."

Nikapiga kigelegele hapo hapo barabarani. "Lini?"

"Jumatano."

Jumatano. Na siku ile ilikuwa Jumapili. Na kati ya hapo alikuwa amenipokelea simu mara nane, akaniambia shingo haijambo, na hakuniambia kwa nini.

"Ulienda ofisini na nani?"

"Peke yangu. Nilikuwa naenda kila Jumatano kuuliza."

"Mbona hukuniambia siku ile ile?"

"Nilitaka nilale kwanza, mama. Nilale siku mbili tatu, nikiwa na uhakika ni changu. Ndipo nikwambie."

Nilielewa. Mimi ndiye niliyeishia darasa la saba, lakini hilo nililielewa bila kusomewa mara tatu. Mtoto wangu alikuwa amekificha kitanda chake nisikiguse.

"Nije kukiona?" nikamuuliza, na nikashangaa kwamba nimeuliza, maana siku zote huwa nasema nakuja.

"Njoo Jumamosi. Lakini mama, uje mikono mitupu."

Nilienda mikono mitupu. Jaribu siku moja uone kazi yake. Njia nzima sikujua mikono niiweke wapi, nikaishika mbele kama niko kwenye mstari wa komunyo. Rebeka akanipokea getini, akanipandisha chumbani kwake, akaniambia, "Karibu mama, kaa." Nikakaa kwenye kitanda chake chembamba. Akanimiminia chai aliyoinunua kantini, akanipa na kikombe cha Adongo kwa sababu yeye alikuwa nacho kimoja tu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa mgeni wa mtoto wangu. Akanionyesha koti lake jeupe la maabara. Akanieleza kitu kuhusu damu ambacho sikukielewa, nikaitikia kila alipovuta pumzi.

Nikanywa chai yangu, nikanyamaza. Nilijitahidi sana. Nadhani zilifika dakika tano nzima.

Halafu nikamuuliza mbona pazia la dirisha hilo ni fupi.